Chumba Wasichoingia Wazazi



Safari hii kikao chetu cha vitabu kimesoma kitabu ambacho hakina hata ukurasa mmoja unaomhusu Mswahili, na bado kilitukalisha mpaka saa sita ya usiku, chai imepoa na watoto wamelala kwenye makochi. Kitabu chenyewe ni Adopted Territory cha Eleana J. Kim, kilichotolewa na Duke University Press mwaka 2010. Kinahusu Wakorea waliopelekwa ng'ambo wakiwa wadogo, wakalelewa na familia za Kizungu huko Marekani na Ulaya, na walipokuwa watu wazima wakaanza kutafutana na kuunda vyama vyao wenyewe. Ili tupate pa kuanzia, tulitangulia kutazama filamu ya First Person Plural ya Deann Borshay Liem, iliyotoka mwaka 2000, na baadaye ile aliyoitengeneza mwaka 2010, In the Matter of Cha Jung Hee. Maoni haya ni ya kikao kizima, ingawa hatukukubaliana katika kila jambo, tulipogawanyika tutasema.

Kwanza neno. Kwetu sisi mtoto wa kulea si jambo geni. Nani kati yetu hakukaa kwa shangazi, kwa bibi au kwa mjomba mpaka akamaliza shule? Lakini mtoto huyo hubaki na jina la baba yake, anajua kwao ni wapi, na siku ya msiba anaitwa kama wengine. Kwa Waislamu, amri ya kuwaita watoto kwa majina ya baba zao imo ndani ya Kurani, Sura ya Al-Ahzab. Huku kuasili tunakokusoma katika kitabu hiki ni kitu kingine kabisa. Mtoto anakatwa kisheria kutoka kwao, anapewa jina jipya, wazazi wapya na nchi mpya, na karatasi zinaandikwa kana kwamba kabla ya hapo hakuwa na mtu. Tunalisema hili mapema kwa sababu mmoja wetu, mama mtu mzima, alikuwa akiuliza kila baada ya kurasa chache: "Sasa hawa hawakuwa na shangazi?" Wengi wao walikuwa nao.

Mambo yalianzia kwenye vita ya Korea ya 1950 hadi 1953. Watoto wa mwanzo kupelekwa nje walikuwa hasa wale waliozaliwa na wanajeshi wa kigeni, na mwaka 1955 mkulima mmoja wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha, waliwachukua watoto wanane kwa mkupuo mmoja baada ya Bunge la Marekani kuwapitishia sheria maalumu. Watu wengi hudhani safari hizo zilikoma majeraha ya vita yalipopona. La hasha. Mwaka uliovunja rekodi ni 1985, ambapo watoto zaidi ya 8,800 walisafirishwa, na wakati huo Korea Kusini ilikuwa ikijenga meli na kujitayarisha kwa Olimpiki ya 1988. Kufikia hapo watoto wengi walikuwa wa akina mama wasioolewa, walioonekana ni aibu kwa jamaa zao, na serikali haikuwa na haja ya kutumia fedha kuwatunza. Kwa jumla hutajwa watu wapatao laki mbili, na wengi wao wako Marekani.

Sasa filamu. Deann aliwasili California mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka minane, akapokelewa na familia ya Borshay ya mji wa Fremont. Karatasi zake zilimwita Cha Jung Hee. Yeye hakuwa Cha Jung Hee. Alikuwa Kang Ok Jin, ana mama, ana ndugu. Familia ya Borshay ilikuwa ikimtumia Cha Jung Hee fedha na barua, ikaamua kumchukua, lakini kabla safari haijaiva baba wa Cha Jung Hee alikuja kumtoa mwanawe pale kwenye makao ya mayatima. Badala ya kuwaandikia Wamarekani kuwa mtoto amerudi kwao, makao yalimtia mtoto mwingine katika jina lile na kumwambia asiseme. Mtoto akanyamaza. Akajifunza Kiingereza, akasahau Kikorea, na kumbukumbu nazo zikamtoka, hata akaamini kuwa hakuwahi kuwa mtu mwingine. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipozipata picha mbili ndani ya karatasi zake, wasichana wawili tofauti, na nyuma ya picha zote mbili jina ni moja.

Tulichokipenda katika filamu hii ni kwamba hakuna jini ndani yake. Wazazi wa Kimarekani wanahojiwa na kuachwa waseme, na wanasema kwa mapenzi ya kweli, hata dada mtu anapokumbuka kuwa pale uwanja wa ndege mama yao alimwendea kwanza mtoto asiye wake. Baba alikuwa mpenzi wa kupiga picha za sinema nyumbani, na picha zilezile alizozipiga kwa furaha ndizo binti anazozitumia leo kuonyesha jinsi mtoto anavyoweza kutabasamu miaka nenda miaka rudi huku hayupo. Kisha anawachukua wazazi wake hao mpaka Korea, anawaketisha chumba kimoja na mama aliyemzaa, na mkalimani katikati. Tumeona filamu nyingi za watu kukutana tena, zenye muziki na machozi. Hapa machozi yapo, lakini kinachobaki kichwani ni ule ukimya wakati mkalimani anatafuta maneno.

Ila kuna jambo lilitusumbua. Katika saa nzima ya filamu, Deann yuko peke yake. Mzigo wote, wa jina, wa faili, wa mama wawili, umewekwa juu ya mabega ya mwanamke mmoja, na mtazamaji anatoka akidhani kuwa haya ni mambo ya nyumba moja, ya makosa ya karani mmoja katika mji mmoja wa Korea. Filamu ya pili inaanza kulirekebisha hilo. Anarudi Korea kumtafuta Cha Jung Hee mwenyewe, akibeba viatu ambavyo kwa haki vilikuwa vya yule, anabisha hodi kwa wanawake kadhaa wenye jina hilo, na taratibu tunaona kuwa kubadilishana watoto katika karatasi hakukuwa muujiza. Hata hivyo hiyo nayo ni safari ya mtu mmoja. Tulipozima televisheni ndipo swali lilipotoka: hakuwa na mwenzake?

Kitabu cha Kim kinaanzia hapo. Kim ni msomi wa anthropolojia, Mkorea wa Marekani ambaye mwenyewe hakuasiliwa, na alifuatana na watu hawa kwa miaka katika mikutano yao Marekani na Seoul. Anaonyesha jinsi vyama vilivyochipuka kila kimoja mahali pake: Sweden mwaka 1986, Denmark mwaka 1990, Uholanzi mwaka 1991, Ufaransa mwaka 1995, New York mwaka 1996. Wengi wa waanzilishi walikuwa vijana waliokulia vijiji na miji ambako hawakumwona Mkorea mwingine isipokuwa kwenye kioo, na hata kwenye kioo walishtuka.

Tukapiga mahesabu ya vyama vyetu. Chama chetu kilianza kwa msiba, na wasomaji wengi watasema hivyo hivyo juu ya chama chao. Mtu amefariki, fedha za kumsafirisha mpaka nyumbani hazipo, watu wakachanga, na baada ya arobaini wakasema tusingoje mwingine afe. Tulikuwa na lugha, chakula, na mahali pa kupeleka jeneza. Wakorea hawa walipokutana hawakuwa na hata kimoja. Aliyetoka Denmark anasema Kidenishi, wa Ufaransa Kifaransa, na walipokutana pamoja iliwabidi wazungumze Kiingereza. Wengine chakula cha Kikorea walikionja mara ya kwanza wakiwa watu wazima, na mkahawani waliona haya kuagiza kwa sababu mhudumu aliwasemesha Kikorea na wao hawana jibu. Chama cha namna hii kimejengwa juu ya kile ambacho kila mmoja amekosa, na Kim anastahili sifa kwa kuonyesha kuwa msingi huo unaweza kubeba nyumba.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ile ya mkutano mkubwa wa Septemba 1999 mjini Washington, ulioitwa The Gathering, uliokusanya karibu watu 400 kutoka majimbo mengi ya Marekani na nchi za Ulaya. Watu waligawanywa katika vyumba kufuatana na miaka waliyozaliwa. Mwanzoni tuliona ni utaratibu wa ofisi tu. Baadaye tukaelewa. Aliyepelekwa mwaka 1957, mara nyingi mtoto wa mwanajeshi, alifika mahali ambapo hakuna aliyejua Korea iko wapi. Aliyepelekwa mwaka 1982 alipelekwa kambi za likizo kufundishwa ngoma za Kikorea na walimu waliojifunza wiki iliyopita. Machungu yao hayafanani, na kumweka wa kwanza mbele ya wa pili ni kumfanya mmoja awe mzee wa kushauri na mwingine mtoto wa kusikiliza. Katika vyumba hivyo wazazi wa kulea hawakuingia. Kwa miaka arobaini habari za watoto hawa zilisimuliwa na wazazi wao, na mashirika yaliyowapeleka, na magazeti ya kanisa. Hapa kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema nampenda mama yangu na bado nimeibiwa kitu, bila kumtazama mama usoni kuona kama ameumia.

Kim ana istilahi nzito ya mahali kama hapa. Sisi tuliridhika na neno letu la baraza: mahali watu wanapokaa wakazungumza mpaka jambo la mtu likawa jambo la watu.

Ila baraza hili lilijengwa na nani? Miongoni mwa waandaaji wakuu wa mkutano ule alikuwa Susan Soon-Keum Cox, mwenyewe aliasiliwa mwaka 1956, na wakati huo alikuwa ofisa wa juu katika shirika la Holt, lile lililotokana na mkulima yule wa Oregon. Hapa tuligawanyika. Wenzetu wawili waliona ni sawa na kesi ya kuku kusikilizwa nyumbani kwa kanga aliyekula mahindi ya kuku. Wengine tulisema: nani mwingine alikuwa na anwani za watu hao? Chama hakianzi bila orodha, na orodha ilikuwa kwa waliowapeleka. Tuliobaki upande huu hatukushinda mjadala, lakini tunashikilia kuwa watu hutumia mlango uliopo, na wakishaingia hawalazimiki kukaa walipoonyeshwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, kikundi cha Adoptee Solidarity Korea kiliundwa Seoul, na hicho kilipinga waziwazi kuendelea kupeleka watoto nje. Vikao vilikuwa na watu waliotaka kujifunza kupika kimchi na kurudi nyumbani kwa amani, na watu waliotaka kuandamana, na kila upande uliuona mwingine kuwa unaharibu chama. Nani katika sisi hajakaa kikao cha namna hiyo?

Kim anaeleza pia habari za G.O.A.'L., chama kilichoanzishwa Seoul mwaka 1998 na waliorudi wenyewe, kikashughulika na wakalimani, na kutafuta jamaa, na kusukuma waliopelekwa nje watambuliwe katika sheria ya mwaka 1999 ya Wakorea walio ng'ambo, ili wapate viza ya kuishi na kufanya kazi katika nchi waliyozaliwa. Mwaka uliotangulia sheria hiyo, Oktoba 1998, Rais Kim Dae-jung aliwaita 29 kati yao Ikulu akawaomba radhi. Mwandishi anazisoma radhi hizo kwa jicho kali, na tunakubaliana naye: nchi iliyowaona jana kama mzigo leo iliwataka wawe mabalozi wake wa biashara na utamaduni.

Kurasa bora kabisa, kwa maoni yetu, ni zile za daftari la ukoo. Korea Kusini mpaka mwaka 2008 ilikuwa na mfumo wa hojeok, daftari ambalo kila mtu huandikwa chini ya mkuu wa nyumba yake. Mtoto akitakiwa kusafirishwa, ilikuwa rahisi zaidi akiwa yatima. Basi alifunguliwa daftari lake pekee, yeye ndiye mkuu wa ukoo, na ukoo wote una mtu mmoja, naye ana umri wa miezi mitano. Mama hai, baba hai, bibi hai, wote hawamo. Tulipolieleza hili kwa yule mama aliyekuwa akiuliza juu ya shangazi, alikaa kimya, kisha akasema, "Basi shangazi walimfuta kwa kalamu."

Tuna manung'uniko yetu. La kwanza ni lugha. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya chuo kikuu, na ziko kurasa ambazo mtu aliyeasiliwa mwenyewe, fundi bomba wa Minnesota tuseme, angekifunga na kwenda zake. Inasikitisha, maana masimulizi ya watu yaliyomo ni mazuri na yangejitosheleza.

La pili ni zito zaidi. Kitabu kinawafahamu waliofika. Mkutano wa hotelini Washington, au Oslo mwaka 2001, au Seoul mwaka 2004, unataka tiketi, likizo na pasi ya kusafiria. Kim hajasahau kabisa kuwa wako wasioweza, lakini hawapati nafasi wanayostahili. Yako mamia na maelfu ya waliokulia Marekani ambao wazazi wao wa kulea hawakumaliza kuwaombea uraia. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 kuwapa watoto hao uraia moja kwa moja iliwaacha wote waliokuwa wameshatimiza miaka 18 siku ilipoanza kutumika, tarehe 27 Februari 2001. Mtu wa namna hiyo akipanda ndege kwenda Seoul hana hakika ya kurudi kwa watoto wake. Adam Crapser, aliyepelekwa Marekani mtoto mwaka 1979, alirudishwa Korea kwa nguvu mwaka 2016, nchi ambayo hajui lugha yake. Hao ndio wanaohitaji chama kuliko wote, na ndio ambao baraza la hotelini haliwezi kuwafikia. Wasomaji wetu wanaosubiri karatasi zao wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tukisome kitabu cha mwaka 2010 leo. Mwaka 2022 kundi la waliopelekwa Denmark, likiongozwa na wakili Peter Møller, naye mmoja wao, lilipeleka maombi kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini. Wenzao wa nchi nyingine wakajiunga, mpaka maombi yakafika 367 kutoka nchi 11. Tarehe 26 Machi 2025 Tume ikatoa uamuzi wake wa kwanza: serikali ilivunja haki za watoto hawa, kumbukumbu zilighushiwa, watoto wenye wazazi waliandikishwa kuwa mayatima, na mtoto alipokufa au kuchukuliwa na wazazi wake, mwingine alipachikwa katika jina lake. Yaani habari ya Deann, ambayo mwaka 2000 ilionekana ajabu ya nyumba moja, ilikuwa ni desturi ya kazi. Oktoba 2025 Rais Lee Jae-myung aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Ukirudi kwenye kitabu ukiwa na habari hizi, unakisoma tofauti. Kim alikwenda kutafuta jinsi watu wanavyojenga udugu, na udugu aliupata: vicheko, majina ya utani, kulia pamoja saa tisa ya usiku. Tunaona kuwa hakutilia mkazo wa kutosha kitu kingine kilichokuwa kikitendeka mbele yake. Mtu aliyekaa na faili lake peke yake anasoma kuwa aliokotwa mlangoni pa kituo cha polisi, na anaamini, kwa nini asiamini? Akikaa na wenzake kumi, na wanne kati yao wameokotwa mlangoni pa kituo cha polisi, kwa maneno yaleyale, imani inapungua. Hakuna mwanasheria wala mwandishi wa habari aliyeweza kuligundua hilo kabla ya wenye mafaili kuwa na mahali pa kukaa pamoja. Deann alihitaji miaka mingi na bahati ya picha mbili. Denmark walihitaji orodha, kikao, na watu waliozoeana kiasi cha kuonyeshana karatasi za siri. Wale waliotaka kujifunza kupika tu nao walikuwa na kazi yao katika hilo, maana pasipo vyakula na vicheko watu wasingezoeana, na Kim, kwa kuandika vyakula na vicheko kwa uangalifu wote ule, ametuachia habari za jinsi mazoea hayo yalivyoanza. Kwa hiyo kitabu hiki kimezeeka vizuri kuliko mwandishi mwenyewe alivyoweza kutarajia.

Siku ile ya Machi 2025 Tume ilikuwa imepitia maombi 98. Iliyakubali 56, na 42 ikayaweka kando kwa kuwa hati za kuthibitisha hazikutosha. Watu waliokuja kulalamika kuwa karatasi zao zilighushiwa waliambiwa walete karatasi. Muda wa uchunguzi ulipokwisha, jumla ya maombi 311 yalikuwa hayajapata uamuzi.

Kitabu tulichokisoma kina kurasa zaidi ya 300, na nakala yetu imejaa alama za penseli na doa moja la chai ambalo hakuna aliyekiri. Anayetaka kukiazima, pamoja na filamu zote mbili, amwone mwekahazina baada ya kikao cha mwezi ujao, na tafadhali akirudishe kabla ya Ramadhani.